Vituo Saba Kando ya Mto

Usianze na darubini. Anza na kipande cha mto. Ukiwa Ekerenyo, huku Nyamira, huna haja ya kusafiri: shika njia yoyote inayoteremka, pita migomba, pita majani chai, pita nepia ya ng'ombe, na utasikia maji. Vijito vya huku ni vingi na vyote, vipinde vipindavyo, mwisho wake ni Ziwa Victoria. Chagua kimoja unachoweza kukifikia kwa miguu kabla jua halijachomoza, hata wakati wa matope. Kijito kizuri kilicho mbali utakihesabu mara mbili uchoke. Kijito cha kawaida kilicho chini ya nyumba yenu utakihesabu miaka kumi, na hiyo miaka kumi ndiyo tunayoitafuta.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi hudhani kazi hii ni kujua ndege. Kujua ndege kunasaidia, na kutakuja. Lakini anayejua ndege ishirini tu, akawahesabu mahali palepale, saa ileile, kwa namna ileile, ana habari ambayo bingwa wa ndege mia tano aliyepita mara moja hana. Idadi ya leo peke yake haisemi kitu. Inasema ikiwekwa karibu na ya mwaka jana, na hapo tu ikiwa wewe hukubadilika katikati.

Kwa hiyo pima kilomita moja na nusu kufuata ukingo, uiwekee vituo saba, kila kimoja mita 250 kutoka kingine. Umbali huo unatosha kupunguza hatari ya kumhesabu ndege mmoja mara mbili. Hatua zangu ni kama 340 kwa mita 250 kwenye barabara, lakini bondeni hakuna barabara, kwa hiyo tumia ramani ya simu na uandike nambari za mahali. Kisha tia alama ya macho, kitu utakachokitambua bila simu. Hapa nilikosea mwanzoni. Kituo changu cha nne nilikiwekea alama ya mkaratusi mkubwa wenye kovu la radi, nani angeusahau? Niliporudi baada ya miezi mitatu nilikuta kisiki, vumbi la msumeno likinukia bado, na mti umeshakwenda kuwa nguzo ya mtu. Alama zangu sasa ni jiwe, kalavati, kivuko, na ile chemchemi iliyojengewa saruji ambapo watu huchota maji.

Kabla ya kuhesabu chochote, bisha hodi. Mashamba ya Gusii yamegawanywa vipande vyembamba virefu, kutoka mgongo wa kilima hadi majini, ili kila mwana apate njia juu na maji chini. Maana yake ni kwamba kilomita yako moja na nusu inapita kwa watu wengi kuliko unavyodhani, na kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe ana mbwa. Nenda mchana, siku nyingine kabisa, bila daftari mkononi. Sema "Bwakire" ikiwa bado ni asubuhi, ngoja uulizwe habari za nyumbani, ndipo useme shida yako.

Usidhani ni adabu tu. Mtu anayetembea kando ya mto na darubini shingoni na kitabu cha kuandikia anafanana na mtu wa serikali, na mtu wa serikali kando ya mto huku ana historia. Kanuni za maji za Kenya zinataka ukingo uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande kufuatana na upana wa mto. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Mzee aliyepanda safu ya blugamu, yaani mikaratusi hiyo, bondeni ili alipie karo hajasahau. Akikuona unakodoa macho kwenye miti yake, anajua umekuja kupima mita. Mwambie wazi kwamba unaandika ndege na hupimi shamba la mtu. Mpe darubini aangalie mwenyewe. Nyanya mmoja katika kituo changu cha pili aliishika kinyume, akaona kuku wake wamekuwa wadogo kama sisimizi, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mbwa wake hufungwa nikipita. Na usianzishe mjadala wa mikaratusi. Mti huo ndio kuni za viwanda vya chai, ndio mbao za nyumba, ndio ada ya mtoto. Una maoni yako, mimi pia ninayo, lakini ukiingia katika hesabu hii kama hakimu, mwaka ujao utakosa njia ya kupitia.

Sasa vifaa. Daftari la kaunta buku lenye kifuniko kigumu, penseli mbili (wino wa kalamu hukimbia ukilowa), saa, gambuti, na mfuko wa nailoni wa kulifunika daftari. Darubini ya 8x42 inatosha. Wengi hukimbilia ya 10 wakidhani kubwa ni bora, halafu mikono inatetemeka na ndege haonekani. Huna darubini? Anza hivyo hivyo, andika juu ya ukurasa "bila darubini", na siku utakapoipata andika tarehe kwa herufi kubwa, kwa sababu kuanzia siku hiyo ndege "wataongezeka" na sababu itakuwa shingoni mwako.

Jua la huku huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi kutegemea mwezi. Mimi huanza kituo cha kwanza saa 12:45, na kwa dakika kumi kila kituo na kama kumi za kutembea na kutulia kati yake, namaliza saa tatu kasoro. Baada ya hapo kelele za ndege hupungua na kelele za watu huongezeka: ng'ombe wanakuja kunywa, wachuma chai wanaitana, bodaboda zinavuka. Bahati yetu ni kwamba mvua za ukanda huu hupenda mchana na jioni, hivyo asubuhi nyingi ni kavu. Ukungu ukilala bondeni, subiri. Mvua ikinyesha, rudi nyumbani unywe chai, uje kesho.

Hesabu mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Si miezi ya bahati nasibu. Januari ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wamo, na ndio mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa kwa pamoja katika maziwa na vinamasi vya nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Julai wahamiaji hawapo, kwa hiyo unaowaona ni wenyeji. Aprili mto umejaa na kwera wanasuka viota. Oktoba wageni wanaingia. Januari na Julai naanzia kituo cha juu, Aprili na Oktoba naanzia cha chini, kwa sababu kituo cha mwisho daima hupata jua kali na ndege wachache, na si haki kikionewa kilekile kila mara. Linganisha Januari na Januari. Ukilinganisha Januari na Aprili unalinganisha harusi na matanga.

Ukifika kituoni, simama. Ndege wamekuona, wamenyamaza, wengine wamejificha. Wape dakika mbili. Kisha tazama saa, anza dakika kumi, na katika dakika hizo usitembee, usipige simu, usitafute ndege kwa kupiga mluzi wala kwa kumchezea sauti yake kwenye simu. Sauti hiyo humtoa kwenye kiota chake, na inakuharibia hesabu. Andika kila ndege: jina, idadi, na herufi moja. O kwa uliyemwona, S kwa uliyemsikia tu, R kwa aliyeruka juu bila kutua. Wale wa R waweke pembeni, maana yangeyange ishirini wanaokwenda zao malishoni hawana habari na kijito chako. Weka pia alama kama ndege yu ndani ya mita 50 au nje yake. Macho hayajui mita 50 mpaka yafundishwe. Nenda na kamba siku moja, pima kutoka kituo hadi mgomba fulani, mpaka jiwe fulani, ukariri.

Adui mkubwa wa hesabu ya mtoni ni mto wenyewe. Niliposoma daftari langu la Aprili ya kwanza nilishtuka: kurumbiza wamekwisha, tiva wamekwisha, vituo vitatu havina sauti hata moja. Nusu nimwandikie mtu barua. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ile maji yalikuwa yamepanda, na pale penye maporomoko madogo nilikuwa sisikii hata pumzi yangu. Ndege walikuwa wakiimba kama kawaida. Aliyekuwa kiziwi ni mimi. Tangu hapo kila kituo kina tarakimu ya kelele za maji, kuanzia 0 hadi 3, na kituo kilichokuwa kwenye maporomoko nilikisogeza hatua thelathini juu ya mteremko, nikaandika siku niliyokisogeza. Kama kituo chako kina 3 kila mara, kihamishe mapema, kabla hakijazeeka kitabuni.

Adui wa pili ni kwarara. Unamjua: yule wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayepiga ukelele alfajiri kama mtu aliyeibiwa. Anakula minyoo shambani, akishtuka anaruka mbele yako mita mia mbili, unafika kituo kinachofuata unamkuta tena. Siku moja niliandika kwarara tisa na walikuwa watatu. Dawa ni kuandika ameruka akielekea wapi, na ukiwa na shaka, mhesabu mara moja tu. Shaka isilete ndege.

Nimekwisha kutaja majina kama mtu asiye na tatizo la majina, na tatizo lipo. Majina mengi ya ndege katika Kiswahili yalizaliwa pwani na hayakuwahi kupanda milima yetu. Mengine ni mapana kupita kiasi: korongo ni yule mwenye taji la dhahabu kichwani, ni yule mwenye upara anayekaa jalalani, na kwa baadhi ya watu ni kila mwenye miguu mirefu. Ukiandika "korongo 2" hujaandika kitu. Wazee wa Ekerenyo wana majina ya Ekegusii kwa ndege wengi, na mara nyingi ni majina yanayoiga sauti au yanayoeleza tabia. Uliza, andika jina kama ulivyolisikia, kisha ongeza maelezo: ukubwa ukilinganisha na kuku, rangi ya mdomo, anafanya nini. Jioni fungua kitabu cha picha. Cha Stevenson na Fanshawe cha 2002 kuhusu ndege wa Afrika Mashariki ndicho wengi hutumia. Kenya ina ndege wa aina zaidi ya 1,000, kwa hiyo usione aibu kuandika "kidogo, kahawia, kwenye matete, sijui". Mstari wa "sijui" ulio na maelezo unaweza kufumbuliwa baadaye. Jina la kukisia halifumbuliki, linabaki linadanganya.

Katika hao wote, wachache ndio watakaokueleza hali ya mto. Shore atakuwapo hata ukijenga soko. Kuzumburu naye hana presha. Lakini mtazame fundichuma. Ni wa kahawia mtupu, kichwa chake na kishungi na mdomo vinafanya umbo la nyundo. Asubuhi moja nilimkuta katika kituo cha tatu, hatua kumi tu, kwenye maji yasiyofika magotini pake. Alikuwa akisugua tope kwa mguu mmoja, polepole, kama mtu anayefuta kiatu kwenye zulia, halafu anatulia, halafu anadokoa. Alitoa chura. Akasugua tena. Ndege huyu anataka maji ya kina kifupi yenye vyura, na anataka mti mkubwa wenye panda imara wa kubeba kiota chake, ambacho ni rundo la maelfu ya vijiti lililofunikwa juu, lenye mlango wa tope upande wa chini, zito kiasi cha kumbeba mtu mzima. Bonde lililokwanguliwa miti ya asili linaweza kumpa chakula likamnyima nyumba. Andika kando kila kiota unachokijua na mti uliokibeba, kwa sababu viota huhesabika hata siku ndege hayupo, na ndege wengine, bundi kwa mfano, huhamia humo.

Kisha mdiria mdogo, yule wa bluu inayong'aa, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Hukaa juu ya bua la nepia lililoinamia maji, na akiondoka unaona mstari wa bluu tu. Anawinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji maji yanayopenya mwanga. Anatoboa kiota chake katika ukingo wa udongo uliosimama wima, na huo udongo ndio uleule unaopendwa na wafyatua matofali. Mto ukiwa wa rangi ya chai ya maziwa mwaka mzima, na ukingo umechimbwa, mdiria atakuambia kabla ya mtu yeyote.

Kuna kiluwiluji wawili, usiwachanganye. Wote hutikisa mkia. Wa kwanza ni mweusi na mweupe, kifua cheusi, anatembea uani, juu ya paa la bati, mbele ya duka. Wa pili ni wa milimani: mgongo wa kijivu, tumbo jeupe safi, na kifuani ana ukanda mwembamba tu mweusi. Huyu hukaa kwenye mawe ya maji yaendayo kasi penye kivuli cha miti. Wa kwanza akiongezeka na wa pili akitoweka, kivuli kimetoweka. Kati ya Agosti na Aprili utaona kwenye mawe yayo hayo kitwitwi wa kahawia na mweupe ambaye sehemu yote ya nyuma inanesanesa bila kupumzika. Amezaliwa Ulaya au Asia, yuko peke yake, na mara nyingi atakuwa kwenye jiwe lilelile wiki nzima.

Na korongo taji. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Uganda wanamweka kwenye bendera. Hutaga katika kinamasi, kwa kawaida mayai mawili au matatu, juu ya jukwaa la majani yaliyokandamizwa, na vinamasi vya mabonde yetu ndivyo vinavyotolewa maji ili zipandwe mboga na mikaratusi. Ukimwona, andika idadi, watu wazima na makinda. Ukipata kiota, usikisogelee, usikipige picha ya kuweka mtandaoni, usimwambie kila mtu. Makinda yake huchukuliwa na kufugwa, jambo ambalo bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Mwambie mwenye shamba; yeye ndiye mlinzi, na mara nyingi anajua kuliko wewe.

Hesabu hii ni ndege nusu, mahali nusu. Kila Januari jaza jedwali la mahali katika kurasa za nyuma za daftari: katika kila kituo upana wa sehemu isiyolimwa kila upande, miti mikubwa ya asili mingapi, mikaratusi, nepia, mahali pa matofali, rangi ya maji, kina kikipimwa kwa fimbo ileile. Piga picha ukiwa umesimama palepale, ukitazama juu ya mto kisha chini. Inachosha na haina raha ya ndege. Usipoifanya, siku fundichuma atakapotoweka utakuwa na swali bila ushahidi.

Simama dakika chache chini ya shamba la mikaratusi iliyokaribiana uone ninachosema. Majani makavu yanavunjika chini ya gambuti, hakuna kichaka, hakuna mzabibu mwitu, unaona shina hadi shina mpaka mwisho wa shamba. Kurumbiza hana pa kujificha hapo. Lakini uwe mkweli: mikaratusi ikichanua, chozi huijaza, na mwewe hupenda kujenga juu kabisa. Vituo vyangu viwili vya mikaratusi vina ndege. Ni ndege wengine.

Wenzetu wa nchi kame wanafanya kazi hii kwa urahisi fulani ambao sisi hatuna. Ukisimama kando ya Turkwel, pale unapokata Turkana kuelekea ziwani, msitu wa migunga na mikoma ni ukanda mwembamba, na ukiutoka uko mchangani. Ndege wa mto na ndege wa jangwa wamegawanyika kama kwa rula. Ukanda ukipungua, unaonekana. Bwawa la Turkwel lilipokamilika mwaka 1991 na mtindo wa mafuriko ukabadilika, kila mtu alijua aangalie miti ya ukingoni. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia mchanga, ukivamia ukingo wa mto kame nao unaonekana. Huku kwetu kijani hakina mpaka. Msitu wa ukingo unaweza kufa wote, pakabaki nepia, chai na blugamu, na mgeni anayepita barabarani akasema Nyamira ni bustani. Ndiyo sababu nasisitiza vituo na tarakimu: jicho la mpita njia halitoshi mahali ambapo kila kitu ni kijani.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa watu wa majangwa. Mto Colorado, unaogawanywa kati ya Marekani na Meksiko, kwa miaka mingi haukuwa ukifika baharini. Katika machipuko ya 2014 nchi hizo mbili zilikubaliana kufungulia maji kwa takriban wiki nane yapite kwenye delta kavu. Swali la kama yalileta tofauti kwa ndege liliweza kujibiwa kwa sababu kuna watu waliokuwa wamekwisha kuwahesabu pale miaka kadhaa kabla, wakati hakuna maji wala matumaini. Siku chama cha watumiaji maji cha kijito chako kitakapoamua kupanda mianzi na miti ya asili ukingoni, swali la kwanza litakuwa palikuwa na nini kabla. Jibu liko kwenye kaunta buku au haliko popote.

Daftari likianza kujaa, usikae nalo peke yako. Kenya Bird Map, mradi unaohusisha Makumbusho ya Taifa, hugawa nchi nzima katika miraba ya kama kilomita 9 kwa 9. Orodha yake kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta ndege ndani ya mraba, unaweza kuendelea kuiongeza hadi siku tano, ukiandika aina kwa mpangilio uliowaona. Programu ya simu ya BirdLasser hukufanyia mahesabu ya mahali. Ramani hiyo inakuja baada ya ile ya Lewis na Pomeroy iliyochapishwa 1989, na kulinganisha hizo mbili ndiko kunakoonyesha ndege gani wamerudi nyuma. Fahamu tu kwamba orodha ya mraba inasema nani yupo, lakini haisemi wangapi kwenye kituo cha tano. Fanya zote mbili, usichanganye karatasi. Kwa ndege wa kukushinda kuna Nature Kenya, chama kilichoanza 1909 kwa jina la East Africa and Uganda Natural History Society. Matembezi yake ya ndege ya Jumatano asubuhi Nairobi yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Ukiwa na sababu ya kwenda mjini, nenda nao siku moja. Asubuhi moja na watu wanaojua sauti inafundisha kuliko kitabu kizima.

Jambo la mwisho ndilo ambalo wanafunzi wangu hulisahau kila raundi. Kabla ya kwenda, andika kwenye ukurasa, upande wa kushoto, majina ya ndege wako kumi wa mto, hata kama hujawaona mwaka mzima: fundichuma, mdiria, kiluwiluji wa milimani, kitwitwi, korongo taji, na wengineo. Dakika kumi zikiisha, mbele ya kila jina pawe na tarakimu. Kama hayupo, andika 0. Usiweke kistari, usiache wazi, usiseme utajaza jioni. Nafasi tupu haielezi kama hakuwapo au hukuangalia, na baada ya miaka mitano hutakumbuka. Katika kituo changu cha tatu, pale niliposimama nikimtazama akisugua tope, safu ya fundichuma sasa inasomeka hivi kutoka juu: 1, 1, 2, 1, 0, 1, 0, 0. Jedwali la mahali linasema mti uliobeba kiota ulikatwa kati ya ile 2 na ile 0 ya kwanza. Oktoba nitashuka tena, nianzie kituo cha chini.